Soma Alama Mbele ya Kujaza Maji



Mwezi huu niko na neno la kuungama. Tulitayarisha semina ya vijana, nami nikaenda soko kununua bidoni ya maji ya kunywa. Nikapata moja ya buluu, nzuri, bei ya chini. Nikaisafisha na sabuni mara tatu, nikaijaza. Kijana mumoja wa kwaya, aliyefanya kazi kiwandani, akaigeuza akasema: «Pasta, maji haya tusinywe. Ona alama.» Mimi niliyesoma miaka kwenye masomo ya Biblia, karatasi ile ndogo sikuisoma.

Ilikuwa alama ya pembe nne, imesimama kwa ncha moja, ukingo mwekundu. Ndani, dawa inatonea mukono na chuma. Chini waliandika «Corrosif», ni kusema: inakula mwili. Huku Likasi na Kolwezi tunaijua asidi sulfuriki. Viwanda vinaitumia kutoa shaba ndani ya mawe. Bidoni ikiisha, inafika soko, nasi tunatia ndani maji, mafuta, hata munkoyo!

Umoja wa Mataifa ulitangaza alama hizi mwaka 2003, ili inchi zote zitumie namna moja. Fundisheni watoto:

– Fuvu na mifupa: sumu ya kuua upesi.
– Moto: inawaka haraka.
– Mutu mwenye nyota kifuani: inaleta ugonjwa wa polepole, kama kansa.
– Samaki na muti vimekufa: inaharibu mito. Usimwage mutoni.

Wengine watauliza: «Na kama wameandika “Biodégradable”, na jani la kijani juu?» Neno lile linasema tu kwamba dawa inaweza kuoza, vijidudu vya udongo na maji vinaimaliza. Halisemi kwamba haitachoma macho ya mutoto. Na jani la kijani, muuzaji yeyote anaweza kulichora. Tafuta kwanza ukingo mwekundu.

Nyumbani tukumbuke tena: javeli usiichanganye na asidi ya kusafisha choo. Inatoa gazi ya klore yenye kuumiza mapafu. Dawa usiitie katika chupa ya kinywaji, juu mutoto anajua chupa, hajui dawa. Akikunywa asidi, usimutapishe. Musukutue kinywa, mupeleke hospitali mbio, na uchukue bidoni ile ili munganga aone alama.

Bidoni yangu niliitoboa matundu mengi, isirudi soko. Franka zangu zilipotea, ndiyo. Lakini vijana wetu walirudi kwao wazima.

Leo jioni, mbele ya kulala, baba na mama, geuzeni bidoni zote za nyumba pamoja na watoto. Ile isiyo na karatasi, ambayo hakuna anayejua ilikotoka, isiingie maji ya kunywa.

Bwana alinde jamaa zenu.