Risasi imesubiri zamu yake vya kutosha

MIZANI YA WIKI
Na Mwanaisha Kombo

Kila mkutano mkubwa wa mazingira huisha na orodha ndefu kuliko ya mkutano uliotangulia. Tabianchi, plastiki, bayoanuwai, majangwa, bahari, misitu, kemikali. Kila jambo lina siku yake ya kimataifa na bango lake. Anayekosekana ni mtu wa kusema lipi litangulie na lipi lingoje, maana anayesema hivyo hujitafutia maadui. Basi foleni hupangwa na wenye sauti kubwa, na mshika mengi humponyoka yote. Leo nasema bila kuzunguka: katika foleni hiyo kuna sumu moja iliyosukumwa nyuma isivyo haki, nayo ni madini ya risasi.

Ninapopima hatari sianzi kwa kuuliza ipi ni kubwa kuliko zote. Swali hilo ni la malumbano yasiyoisha. Nauliza: tukiongeza shilingi moja hapa na mwaka mmoja wa kazi, nani atapona ambaye vinginevyo angeumia?

Dunia imewahi kuchagua, na ilipochagua ilishinda. Mhandisi wa Kimarekani, Thomas Midgley, aliiachia dunia mikosi miwili. Mwaka 1921, akiwa mtafiti wa General Motors, aligundua kwamba petroli ikitiwa risasi kidogo injini haigongi. Miaka michache baadaye alikuwa miongoni mwa waliobuni gesi za friji za jamii ya CFC. Mkosi wa kwanza uliingiza risasi katika damu za watoto wa kila mji wenye magari. Wa pili ulilila tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua.

Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizitaja gesi hizo kwa majina na kuweka tarehe za kuzipunguza. Nchi maskini zilipewa muda wa ziada, kisha ukaundwa mfuko wa kuzilipia gharama za kubadili mitambo. Aliyekataa kujiunga alibanwa kwenye biashara. Leo kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa imeuridhia, na wanasayansi wanatarajia ozoni ya sehemu kubwa ya dunia irudi ilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo takriban 2040.

Petroli ya risasi ilikawia zaidi. Mwaka 2002 zaidi ya nchi mia moja zilikuwa bado zinaitumia. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao pale Gigiri, Nairobi, liliziweka meza moja serikali, kampuni za mafuta na watengenezaji magari, kwa lengo moja lisilo na matawi. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo kuanzia 2006. Algeria ikafunga mlango Julai 2021, ya mwisho duniani. UNEP inakadiria kwamba hatua hiyo huepusha vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Ni mikutano michache mno inayoweza kuonyesha hesabu kama hiyo.

Tukadhani kazi imekwisha, na hapo ndipo tulipojidanganya. Risasi ingali inaingia mwilini kupitia betri za magari na za sola zinazovunjwa ovyo, rangi za nyumba, sufuria zilizofuliwa kwa vyuma chakavu, hata viungo vya chakula. Mwaka 2020 UNICEF ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani watoto wapatao milioni 800, ana risasi kwenye damu kwa kiwango kinachotaka hatua ichukuliwe. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 1.5 waliokufa kwa sababu yake mwaka 2021, wengi wao kwa maradhi ya moyo. Malaria huua takriban watu laki sita kwa mwaka. Siipuuzi malaria hata kidogo. Ila malaria ina chandarua, ina dawa, na kipimo chake kiko hadi zahanati ya kijijini. Risasi haipimwi hata mtoto anapopelekwa kliniki kila mwezi.

Sisi wa Mombasa tuna ushahidi wetu. Owino Uhuru, mtaa wa mabanda huko Mikindani, ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, alimuuguza mwanawe mchanga bila kuelewa kinachomsumbua, hadi vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa tanuri likiwaka alikuwa ameshatimiza umri wa kumaliza shule ya msingi neno la mwisho lilipotoka. Na ubongo haungoji rufaa. Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaiweka kwenye mifupa na kuipitisha hadi kwenye ubongo unaokua. Dawa huweza kuishusha kwenye damu. Akili iliyopotea hairudishi.

Kiwanda chenye ukuta na lango angalau hushtakiwa. Kazi iyo hiyo hufanyika uani, na wanaoifanya wanaijua hatua kwa hatua. Betri hupasuliwa kwa shoka, tindikali ikamwagwa chini, vibao vya ndani vikatolewa na kutiwa kwenye karai juu ya makaa hadi viyeyuke. Kinachomiminwa kwenye kalibu huwa vipande vya kuuza, au chubwi za mishipi na nyavu. Vumbi hutua kwenye nguo za fundi, naye akirudi nyumbani humpakata mwanawe. Mtoto anayetambaa hutia vidole mdomoni, na mwili wake hunyonya risasi mara nne hadi tano zaidi ya wa mtu mzima. Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa kazi ya namna hiyo.

Nimezoea kuambiwa kwamba biashara ya uani haidhibitiki. Bangladesh imeshalijibu hilo. Wafanyabiashara huko walikuwa wakitia kromati ya risasi kwenye manjano ili rangi ikolee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wa taasisi ya icddr,b ya Dhaka waliifuatilia sumu kutoka damu ya wajawazito hadi kwenye vinu. Serikali ikatangaza hatari hiyo magazetini, maofisa wakaingia sokoni na kifaa cha mkononi kinachopima risasi papo hapo, wauzaji wakatozwa faini mbele ya wenzao. Mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za manjano sokoni zilikuwa na risasi. Kufikia 2021 haikupatikana hata moja. Miaka miwili tu, katika nchi isiyo tajiri, yenye masoko ya msongamano kama soko letu la Kongowea.

Najua atakayedhani naipa kisogo tabianchi. Mwaka 2004 mwandishi wa Denmark, Bjørn Lomborg, aliwakusanya wanauchumi Copenhagen wapange matatizo ya dunia kwa faida ya kila dola. Ukimwi ukawa juu. Mapendekezo ya kukabili mabadiliko ya tabianchi yakawa mkiani. Orodha ile siikubali. Ilidhania dunia ina mfuko mmoja, na kwamba dola isiyotumika kupunguza moshi wa matajiri ingekwenda yenyewe kununua dawa za maskini. Haiendi. Deni la tabianchi ni la waliochoma makaa ya mawe na mafuta tangu enzi za mababu zao, na walilipe. Wala halituzuii kuondoa sumu ambayo chanzo chake kinajulikana na dawa yake iko mikononi mwetu.

Tena mambo haya yameshikana. Sola inayofungwa kijijini kusikofika umeme mara nyingi huja na betri ya risasi, na betri hiyo hufa baada ya miaka michache. Tukihesabu paneli bila kuuliza betri imeishia wapi, tutakuwa tunasafisha hewa kwa gharama ya damu ya watoto.

Kwa upande wa fedha, Septemba 2024 ulizinduliwa New York ubia wa kupambana na risasi, ukiongozwa na UNICEF na shirika la misaada la Marekani, USAID, kwa ahadi za takriban dola milioni 150. Miezi miwili baadaye, mjini Baku, mataifa yakaweka lengo la dola bilioni 300 kwa mwaka za tabianchi ifikapo 2035. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ikaivunja USAID. Kumtegemea mfadhili mmoja kwa jambo la uhai wa watoto ni kuliweka rehani, na hatuna sababu ya kungoja mwingine.

Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inamtwika mzalishaji na mwagizaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika. Anayeuza betri mpya na apokee kuukuu, amlipe aliyeileta bei inayomshinda mvunjaji wa uani, na fundi huyo apewe kazi salama badala ya kufukuzwa tu. Kaunti inunue kifaa cha kupimia udongo na rangi. Kliniki za watoto zipewe kipimo cha damu ya kidole, ambacho kwa tone moja au mawili hutoa jibu ndani ya dakika chache, zikianzia Mikindani na Jomvu. Kila mtoto wa chini ya miaka sita anayeishi jirani na mahali betri zinapoyeyushwa apimwe, na mahali hapo patajwe hadharani, pafungwe na udongo wake usafishwe ndani ya mwaka mmoja wa fedha.