Mkataa Kwao: Mama, Binti na Rangi katika Filamu za Machozi

Mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii haihitaji mfasiri popote Kiswahili kinapozungumzwa, iwe Lamu, Kilwa au Wusi katika milima ya Taita. Ni hukumu fupi na kali. Hata hivyo, inaacha maswali mawili bila jibu: huko "kwao" kumefanywa kuwa mahali pa namna gani, na ni nani aliyekufanya hivyo? Maswali haya yanawahusu wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, na ni vigumu kupata kazi zinazoyachochea zaidi ya melodrama za kale za Marekani kuhusu mama mweusi na binti anayeweza kudhaniwa kuwa mzungu.

Mashuhuri kati ya hizo ni Imitation of Life. Ilitokana na riwaya ya Fannie Hurst ya mwaka 1933, ikafanywa filamu mara mbili: mwaka 1934 na mwongozaji John M. Stahl, na mwaka 1959 na Douglas Sirk. Katika filamu ya Sirk, Annie Johnson, mama mweusi asiye na makao, anapokewa na Lora Meredith, mzungu anayeusaka umaarufu wa jukwaani. Lora anakuwa nyota, Annie anabaki mtumishi wa nyumba. Sarah Jane, binti wa Annie, ana ngozi nyeupe, na shuleni hakuna anayeijua asili yake hadi siku mama anapomfuata darasani kumpelekea viatu vya baridi. Siri inafichuka, binti anakimbia kwa aibu. Anapokua anatoroka nyumbani na kuingia katika kazi za kumbi za starehe. Mama anamfuata kwa mara ya mwisho, na mbele ya msichana anayeishi na bintiye anajifanya kuwa yaya wake wa zamani. Mama anaukana umama wake ili mwana asiumbuke. Sarah Jane anarejea siku ya mazishi, analikumbatia jeneza na kulia kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake.

Msomaji aliyelelewa katika maadili ya radhi hukumu yake i tayari: binti huyu ni mwana asiye na shukrani, na majuto yamekuja kama yajavyo siku zote, yaani baadaye. Usomaji huo hauna kosa, ila haujakamilika. Mwaka 1662, koloni la Virginia lilitunga sheria kwamba mtoto afuate hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata kama baba ndiye bwana mwenyewe. Utumwa ulifutwa nchini Marekani mwaka 1865, lakini rangi ikashika mahali pa minyororo. Mwaka 1924, Virginia iyo hiyo ilipitisha sheria iliyomtoa katika uzungu mtu yeyote mwenye hata chembe ya damu ya Kiafrika. Kwa karne nyingi, basi, tumbo la mama mweusi lilifanywa kuwa hati ya kumtia mwana utumwani, kisha ya kumnyima haki. Hapo methali inapinduka. Katika jamii ya namna hiyo, asiyekataa kwao ndiye aliyehukumiwa kuwa mtumwa.

Kusema hivyo si kumtetea Sarah Jane wala kuyapunguza machungu ya Annie. Ni kuonyesha kwamba kosa la binti lina mhimili nje ya moyo wake. Udhaifu wa melodrama uko papo hapo. Inakusanya dhuluma ya taifa zima, inaitua katika mabega ya msichana mmoja, kisha inamliza hadharani. Watazamaji hulia pamoja naye na kutoka ukumbini wakiwa wepesi, kana kwamba deni limelipwa. Lakini kazi hizi pia hushuhudia zaidi ya zinavyodhamiria. Katika filamu ya mwaka 1934, Delilah, mama mweusi, ndiye mwenye ujuzi wa chapati za maji unaomtajirisha bibi wake mzungu, naye anagawiwa asilimia 20 tu. Katika ile ya mwaka 1959, Lora anashangaa kusikia kwamba Annie ana marafiki wengi. Annie anamjibu kwa upole kwamba hakuwahi kumuuliza. Jibu hilo lina uzito kuliko machozi yote ya mazishi.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na utaratibu wake. Huku nasaba ilifuata baba. Mwana aliyezaliwa na bwana na suria alikuwa huru na alihesabiwa kwa baba yake. Ndiyo maana Seyyida Salme, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844 na suria wa Kicherkasi, alikuwa binti kamili wa Sayyid Said. Utaratibu huu ulikuwa na huruma kuliko ule wa Virginia, lakini nao ulikuwa na bei yake. Katika njaa kubwa za karne ya 19, jamii za bara ya Mombasa zilifika hadi kuweka watoto rehani ili kupata chakula, na si wote waliokombolewa. Binti aliyebaki pwani na kuzaa huko aliweza kupata wajukuu wenye nasaba ndefu isiyomtaja hata mara moja. Kule Marekani binti alilazimika kumkimbia mama. Huku nasaba ilimsahau mama bila mtu yeyote kukimbia.

Fasihi ya Kiswahili haikulinyamazia suala hili. Katika Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 ambayo Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021, Yasmin ni msichana wa Kihindi katika Zanzibar ya kikoloni, aliyeozwa mume mzee. Anapovunja ndoa hiyo na kupenda Mwafrika, jamii yake inamfungia milango, na anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo. Hapa "kwao" ndiko kunakomkataa binti, na methali haina neno kwa kisa kama hicho. Tena Yasmin halazimiki kufia juu ya jeneza la mtu ili asamehewe. Anapewa nafasi ya kuishi.

Swali linabaki: haya yanaihusu nini Wusi, ambako hakuna binti anayeweza kujifanya mzungu? Kinachomwezesha Sarah Jane kumkana mama ni kwamba alama ya asili yake inafichika. Kwa binti wa milimani, alama inayofichika ni lugha. Katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama alivikwa kibao shingoni, na maneno hayo, "lugha ya mama," yanafaa kusikika kwa uzito wake wote. Msichana aliyeteremka hadi Voi au Mombasa, akachekwa kwa lafudhi yake, akaamua kusema kwamba Kidawida hakijui, anafanya alichofanya Sarah Jane darasani. Na vazi analojifichia mara nyingi ni Kiswahili, lugha inayotetewa katika kurasa hizi.

Hapana budi, basi, wahadhiri na wanafunzi wa Kiswahili waikabili hali hiyo bila kuionea haya. Kiswahili hakikuundwa kuwa mahali pa kumkana mama. Kilikua kwa kupokea maneno ya kila aliyefika pwani. Lafudhi ya Taita inapochekwa darasani, anayecheka anakaa upande wa wale waliomkimbiza Sarah Jane. Filamu hizi zisomwe pamoja na Vuta N'kuvute, na methali isomwe pamoja nazo zote. Kabla ya kumhukumu mkataa kwao, aulizwe kwanza ni nani aliyemfundisha kwamba kwao ni aibu. Mama naye aulizwe habari zake angali hai, kwa lugha yake mwenyewe.