PETROLI YA POMBE: WANYWE WENYEWE, BOTI ZETU WATUACHIE

Na Mwandishi wa Kujitegemea

KUNA wakubwa katika nchi hii ambao wakisikia neno "kijani" wanasimama na kupiga makofi kabla hawajauliza ni kijani gani. Safari hii si shati la chama, ni mafuta. Petroli ya kijani, petroli safi, petroli rafiki wa mazingira: majina matamu kweli kweli. Ukiyamenya unakuta ni petroli ile ile ya kawaida iliyochanganywa na spiriti ya mahindi au ya miwa, inayoitwa ethanol. Kwa lugha ya uswahilini, petroli iliyotiwa gongo.

Mwaka 2010 Wizara ya Nishati na Madini ilitoa mwongozo wake wa mafuta yatokanayo na mimea, kwa hiyo mlango ulishafunguliwa zamani. Siku ambayo mzito mmoja mwenye shamba la miwa atalipata sikio la waziri, tutaamka asubuhi tukute kila lita mjini ina kilevi ndani, na hakuna aliyetuuliza. Kabla siku hiyo haijafika, vijana someni haya, hasa ninyi mnaoshika usukani wa boti za kwenda Bongoyo na Mbudya, na wenzenu wa Forodhani wanaowapeleka wageni Changuu.

Najua kuna atakayesema boti za starehe ni mambo ya wazungu na vigogo, mlalahoi zinamhusu nini? Zinamhusu sana. Tajiri anakaa Masaki, lakini boti iko mikononi mwa kijana wa Msasani, kwa hesabu ya kila siku kama daladala. Mashine ikinoki, tajiri anasikitika jioni moja, kesho ananunua nyingine. Kijana ndiye anayeambiwa "umeniulia mashine", hesabu inageuka deni, na kazi inakwenda kwa mwingine. Na ikinoki katikati ya mkondo, kusi limechachamaa, abiria kumi ndani na majaketi ya kuokolea matano, hapo hatuzungumzii tena starehe. Tunazungumzia roho za watu.

Sasa kemia kidogo. Mimi kemia yangu iliishia kidato cha nne, lakini hili halihitaji digrii. Petroli na maji havipatani. Maji yakiingia kwenye tenki yanazama chini, fundi anayamwaga, maisha yanaendelea. Lakini pombe na maji ni ndugu wa tumbo moja. Ethanol inakunywa maji, hata yale ya hewani. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanol inaweza kubeba maji kiasi cha nusu lita hivi katika kila lita 100. Yakizidi hapo, kasheshe linaanza: ethanol inaitelekeza petroli, inashikana na maji, na vyote viwili vinazama chini ya tenki. Na mpira wa mafuta unanyonya kutoka wapi? Chini ya tenki.

Gari linajazwa leo, baada ya siku nne tenki tupu, halina muda wa kukusanya unyevu. Boti ya matembezi haiishi hivyo. Tenki lake lina tundu la kupumulia, linalala juu ya maji ya chumvi, hewa nzito ya pwani inaingia usiku na mchana, na masika wageni wakikauka inaweza kukaa wiki sita bila kuwashwa. Mafuta yale yale ambayo kwenye shangingi la mbunge hayana neno, kwenye boti ni ulanzi unaosubiri kuchacha.

Halafu tazama mashine zenyewe. Nyingi tunazoziona katika fukwe zetu ni za stroku mbili, zile ambazo oili inachanganywa humo humo ndani ya petroli. Ethanol ikishajitenga na kuzama pamoja na maji, oili inabaki juu na petroli. Kinachovutwa na mashine ni spiriti na maji, bila oili. Beringi zinalia, pistoni inakwaruza, mashine inashika. Isitoshe, ethanol ni kiyeyushi kikali. Uchafu uliogandia kwenye tenki kwa miaka 15 inaubandua na kuupeleka kwenye filta na kabureta, na mipira ya zamani ya mafuta inailegeza. Mwaka 2004 majimbo ya New York na Connecticut huko Marekani yalipopiga marufuku kemikali nyingine iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli, ethanol ikashika nafasi yake, wenye boti za zamani zenye matenki ya faiba wakaona maajabu: ethanol ilikuwa inayeyusha gundi inayoshikilia faiba yenyewe, na tope lake likaingia hadi kwenye valvu za injini. Tenki linaliwa na mafuta yake!

WAMAREKANI WALIPIMA WAKAONA

Wapambe wa ethanol hupenda kuitaja Marekani kama mfano. Vizuri, twende huko huko. Mwaka 2005 walipitisha sheria ya kulazimisha mafuta ya mimea yachanganywe kwenye petroli ya nchi nzima, na mwaka 2007 wakaiongezea makali: ifikapo 2022 yafikie galoni bilioni 36 kwa mwaka. Asilimia 10 ikawa jambo la kawaida katika vituo vyao. Kisha wenye viwanda wakataka 15. Idara ya serikali inayosimamia mazingira, EPA, ikakubali mwaka 2010, na mapema 2011 ikapanua ruhusa hadi magari yote madogo yaliyotengenezwa kuanzia 2001. Boti je? Marufuku. Mashine za kukatia majani na misumeno ya petroli? Marufuku. Pikipiki? Marufuku pia. Msomaji wa bodaboda, natumaini bado hujafunga gazeti. Kwenye pampu wakabandika lebo ya rangi ya chungwa inayosema wazi kwamba mafuta haya yasitiwe kwenye boti, yanaweza kuharibu, na kufanya hivyo ni kuvunja sheria ya nchi.

Serikali yenyewe iliyoyatetea mafuta haya ilikuwa na ushahidi mkononi. Maabara ya taifa ya nishati mbadala iliyo chini ya Wizara yao ya Nishati iligharamia majaribio, na ripoti ikatoka 2011. Mashine tatu za Mercury, za ukubwa tofauti, zilipewa petroli ya asilimia 15 ya ethanol, zikapangiwa saa 300 kwa kasi ya mwisho, kila moja na pacha wake anayekunywa petroli tupu. Ile ya stroku mbili ya farasi 200 ilikufa beringi kabla ya kufika saa 300. Ile kubwa ya farasi 300 ilivunjika valvu za ekzosi. Ndogo ya farasi 9.9 ndiyo iliyofika mwisho, tena ikiwa imechoka. Sababu si uchawi. Ethanol inabeba oksijeni ndani yake, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwepesi na moto unapanda. Gari la kisasa lina kifaa cha kuhisi hilo na kujirekebisha. Mashine nyingi za boti hazina, na zinafanya kazi kutwa kama lori linalopanda mlima.

Tusidanganyane. Makampuni ya mashine za boti yenyewe yanakubali hadi asilimia 10, ilimradi mafuta ni mapya na tenki halina maji. Lakini hiyo "ilimradi" ndiyo kesi yote. Na hata ukiitimiza, unauziwa lita pungufu: ethanol ina nguvu pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na petroli, kwa hiyo mchanganyiko wa asilimia 10 unakula kama asilimia 3 ya safari yako. Bei ya lita haijapungua, ila kisiwa kimesogea mbali.

Sasa kama madhara yanajulikana, kwa nini Wamarekani wanaendelea? Jibu lina herufi nne: Iowa. Ni jimbo linaloongoza nchini mwao kwa mahindi na kwa ethanol, na kwa miongo mingi ndilo lililofungua mchujo wa wagombea urais. Anayeutaka urais anakwenda kwanza kuyasifu mahindi. Trump mwaka 2019 aliruhusu ile ya asilimia 15 iuzwe mwaka mzima, mahakama ikaitengua 2021. Biden, adui yake wa damu, Aprili 2022 alikwenda Menlo, Iowa hiyo hiyo, kutangaza kwamba itauzwa majira ya joto. Vyama viwili vinavyotukanana kwa kila jambo chini ya jua, kwenye mahindi vinakula sahani moja. Mwenye boti hana jimbo.

HUKU KWETU NDIYO BALAA

Kwa Wamarekani angalau kuna lebo. Zimbabwe mwaka 2013 walifanya mchanganyiko kuwa lazima, wakianzia asilimia 5. Spiriti inatoka Chisumbanje, kiwanda cha Green Fuel kilichoungana na shirika la serikali, na wanavijiji wa huko walilalamika kwamba mashamba yao yamemezwa na miwa. Tangu hapo kiwango kimekuwa kikipanda na kushuka, hadi asilimia 20, kutegemea miwa iliyopo. Mvua ikinyesha petroli yako inalewa zaidi, ukame ukija inapata nafuu! Na Zimbabwe ina Ziwa Kariba, lenye boti za starehe kwa mamia, ambako dereva wa boti hana sauti juu ya kinachoingia kwenye mashine yake.

Sisi tumeshalipishwa ethanol kabla ya kuionja. Bagamoyo walikuja Waswidi na hadithi ya miwa na ethanol, mradi ukabadilishana mikono, ukageuka wa sukari zaidi, serikali ikafuta hati ya ardhi mwaka 2016. Wakatushtaki. Mwaka 2022 wasuluhishi wa kimataifa wakaamua Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 165, na mwisho wa mwaka huo ndege ya Air Tanzania ikazuiwa Uholanzi kwa kesi hiyo hiyo. Aliyeweka saini mwanzoni hajulikani anaishi mtaa gani, lakini deni linajulikana ni la nani.

Tena nchi hii ndiyo iliyolipa taifa neno "kuchakachua". Lilianza kwenye vituo vya mafuta, mafuta ya taa yakiingizwa kwenye petroli na dizeli, hadi EWURA mwaka 2010 ikaanza kuweka vinasaba, na mwaka 2011 serikali ikaipandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo usiwe na faida. Kibatari cha bibi kijijini ndicho kilichoadhibiwa. (Mwaka ule ule wa 2010 neno likahamia kwenye masanduku ya kura, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.) Watu walioshindwa kulinda petroli isitiwe mafuta ya taa, leo nani awaamini kwamba wakisema asilimia 10 itakuwa 10, si 25?

Wapo wanaosema wakulima wa miwa Kilombero watapata soko. Mimi sina ugomvi na mkulima. Serikali hiyo hiyo mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya wananchi wafikiwe ifikapo 2034, na majiko ya ethanol yapo. Spiriti ikizidi ipelekwe kwa mama ntilie, aachane na moshi wa mkaa. Jiko halinoki baharini.

Wakati tunasubiri, msikae mikono mitupu. Chukua chupa nyembamba ya kioo, tia maji sehemu moja, weka alama, kisha ongeza petroli sehemu tisa. Funga, tikisa, iache itulie dakika kumi, mbali na sigara. Mstari wa maji ukibaki pale pale, petroli haina spiriti. Ukipanda juu ya alama, si maji yameongezeka, ni spiriti imeikimbia petroli ikamfuata ndugu yake. Kipimo hiki hakihitaji vinasaba wala mkaguzi wa kumpa chai.

Na wabunge wetu wa upinzani, wachache kama walivyo, wamuulize waziri wa nishati maswali ya kujibiwa kwa namba. Je, itakuwepo sheria ya kubandika kiwango cha ethanol kwenye kila pampu, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka? Ni vituo gani kando ya bahari, na kando ya Ziwa Victoria na Tanganyika, vitakavyobaki na petroli tupu? Na mashine ya kijana wa Msasani ikinoki kwa mafuta ya amri ya serikali, dirisha la kudai fidia litakuwa ofisi gani, chumba namba ngapi?