Dawa ya Ukuta Si Chokaa Peke Yake

Embu na Meru ni miji miwili iliyounganishwa na barabara moja, pembeni mwa Mlima Kenya. Nilipopita huko nalizitazama kuta zake kuliko mlima wenyewe. Karibu na vituo vya mabasi rangi mpya haidumu: mara majina ya vijana, mara matusi, mara mioyo iliyochomwa mishale. Mwenye duka hununua chokaa akapaka, na siku chache baadaye maandishi yamerudi.

Sheria haikosi. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu chaweza kumpeleka jela miaka 5 aharibuye mali ya mtu kwa makusudi. Lakini kumfunga kijana kwa jina alilolichora gizani ni kumpeleka akajifunze makubwa kuliko hayo. Nionavyo mimi, kijana huyo ataka kitu kimoja: aonekane kuwa naye yupo.

Sisi wa pwani tusiwacheke wa bara. Katika magofu ya Gede na Kilwa mna vyombo vya baharini vilivyokwaruzwa kwenye lipu na mikono isiyojulikana. Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, askari wa Kireno wa karne ya 17 walichora merikebu na makanisa kwa makaa na udongo mwekundu. Leo michoro hiyo imehifadhiwa, na wageni hulipa kiingilio kuingia humo.

Wengine wameutumia ufundi huu kwa faida. Mji wa Philadelphia, Marekani, mwaka 1984 uliwakusanya vijana waliokuwa wakichafua kuta, ukawapa mwalimu, msanii Jane Golden, na kuta halali za kuchora. Mpango huo haukuwa wa siku moja ya kupigwa picha na wakubwa. Hata sasa ungalipo, na umezaa michoro zaidi ya 4,000. Hapa Kenya, baada ya uchaguzi wa 2007, msanii ajulikanaye kwa jina la Solo 7 alizunguka Kibera akiandika maneno ya amani kwenye kuta na milango, wakati moto ungali ukiwaka.

Basi Meru na Embu zingeweza kuanza kwa machache. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Somo la uchoraji wa kuta na mabango lafaa kufundishwa humo. Mwenye ukuta aombwe idhini kwanza. Kijana apewe rangi, alipwe ujira, na jina lake liandikwe chini ya kazi yake. Aliyetia sahihi mchana hatapenda mwenzake aje kuichafua usiku. Atakuwa mlinzi asiyedai mshahara. Lakini rangi ikichujuka bila ya mtu kuirudia, tusishangae matusi yakirejea.

Najua baadhi ya wasomaji watauliza habari za picha za viumbe. Swali hilo ni la haki, na jawabu tunalo majumbani mwetu. Milango ya Lamu yapendeza kwa nakshi za maua na mizunguko tu, na khati nzuri yatosha kuupamba msikiti. Mradi kama huu ukija kwetu, vijana wa Majengo na Kisauni hawatakosa la kuchora.

Chokaa hufuta jina, lakini mwenye jina hubaki mtaani, hana kazi, na kipande cha mkaa ki mkononi.