JE, ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO?

Ndugu Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu nitoe rai yangu juu ya jambo lililozungumzwa sana muhula huu, bwenini, katika chumba cha walimu na hata katika mkutano wa wazazi. Jambo lenyewe ni kunasa masomo ya darasani kwa kinasa sauti, ili yasikilizwe tena baadaye. Wengine wameliita maendeleo, na wengine wameliita uvivu uliovishwa nguo mpya. Mimi nasema ni jambo jema, lakini lina mwenyewe, na mwenyewe ni yule ambaye siku hiyo hakuwapo darasani.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii naijua kwa mwili wangu. Mwaka jana malaria ilinilaza nyumbani wiki mbili, na katika wiki hizo darasa lilifundishwa hesabu za moli katika kemia. Niliporudi, rafiki yangu alinipa daftari lake kwa moyo mweupe, nikanakili kurasa zote. Majibu niliyapata, njia sikuipata. Mwalimu alipokuwa ubaoni alieleza kwa nini hapa tunagawanya na pale tunazidisha. Rafiki yangu, kama tufanyavyo sote, aliandika kilichoandikwa akaacha kilichosemwa. Mtihani ulipokuja nilianguka. Simlaumu mtu, kwani mwalimu hakuweza kurudia wiki mbili nzima kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Lakini tangu siku ile nimejiuliza, je, ni lazima maneno ya mwalimu yapotee hewani kengele inapolia?

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani, katika chuo cha Caltech, mtaalamu wa fizikia Richard Feynman aliwafundisha wanafunzi wa miaka ya kwanza kati ya 1961 na 1963. Masomo yake yalinaswa katika tepu, na ubao wake ukapigwa picha. Kutokana na tepu hizo na picha hizo kilitengenezwa kitabu ambacho kinasomwa mpaka leo na watu ambao hawakukanyaga darasa lile. Tuangalie vema: zilihitajika sauti na picha za ubao pia. Nitalirudia neno hili.

Na sisi wenyewe tumeonja adha ya kukosa masomo. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule za Tanzania zilifungwa mwezi wa Machi, na nyingi hazikufunguliwa mpaka mwisho wa Juni. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, nayo yalikuwa msaada mkubwa. Lakini redio haimngoji mtu. Mtoto aliyetumwa maji saa ile, au ambaye betri za redio yao zimekwisha, somo lilimpita. Somo lililonaswa hukaa likamngoja mwenyewe.

Tena kuna faida nyingine ambayo sisi wanafunzi twaijua lakini twaona haya kuisema. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha tukaingia sekondari tukafundishwa kwa Kiingereza. Sentensi moja ya mwalimu hutupita tukiwa bado twaitafuta maana ya ile iliyotangulia. Kuisikiliza mara ya pili, polepole, si uvivu hata kidogo.

Sasa niwajibu wale wanaopinga, maana hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza wasema wanafunzi wataacha kuandika. Nawajibu hivi: somo moja ni dakika 40, na kulisikiliza tena ni dakika 40 nyingine. Muhtasari mzuri husomwa kwa dakika tano. Nani basi mwenye akili atakayetupa daftari? Mali bila daftari hupotea bila habari, na sauti nayo ni mali. Anayesikiliza na aandike pembeni mwa daftari lake kwamba jambo fulani liko dakika ya 12, ili siku nyingine alifikie moja kwa moja.

Wa pili ni baadhi ya walimu wetu, wenye wasiwasi kwamba kinasa sauti kitakuwa mpelelezi: leo wanafunzi, kesho wakaguzi, kesho kutwa mitandaoni pamoja na kicheko. Hofu hii ni ya haki kabisa. Mwalimu akiogopa kukosea hatafundisha, atasoma kitabu tu. Na mwanafunzi akijua kwamba swali lake la kijinga litasikiwa mji mzima, hataliuliza. Kwa hiyo yafaa tuwe na kanuni, nazo ziandikwe na kubandikwa ukutani. Kisinaswe kitu kwa siri. Mwalimu mwenyewe ndiye awashe na azime, na mwenye kukataa asilazimishwe. Swali la mwanafunzi likatwe katika sauti, na mwalimu alirudie kwa kinywa chake kabla ya kulijibu. Somo lisitumike kumpima mwalimu, wala lisipelekwe nje ya shule ila kwa idhini yake. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtu ni kitu chake. Tusingoje sheria itufundishe adabu.

Wa tatu ni wazazi, wasemao kwamba wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, basi watasikiliza kwa nini? Hapa napo pana njia. Masomo yawekwe katika kompyuta ya maktaba, na spika za masikioni ziwepo mbili au tatu. Aliyelala nyumbani apelekewe kadi ya kumbukumbu. Somo la dakika 40 likihifadhiwa kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde huwa megabaiti 19 hivi, yaani kadi ya gigabaiti 8 huchukua masomo kama 400. Kadi hiyo huingia hata katika simu nyingi ndogo za vitufe, zile tuziitazo vitochi. Haihitaji intaneti wala gharama ya kila siku.

Ama kuhusu vyombo, tusidhani ni lazima tuwe na studio. Simu moja na maikrofoni ndogo ya kubana kifuani vyatosha kuanzia. Wengi hukosea kwa kuiweka simu juu ya meza, kisha mwalimu akaenda ubaoni. Kinachonaswa ni mikwaruzo ya viti. Fizikia yatufundisha kwamba mahali pa wazi, umbali ukiwa mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo. Basi maikrofoni na ikae kifuani, shubiri moja hivi kutoka kinywani. Kabla ya somo inaswe dakika moja ya majaribio na isikilizwe. Simu iwekwe katika hali ya ndegeni isije ikaita. Mvua ikipiga bati hakuna maikrofoni itakayoshinda. Siku hiyo mwalimu anase muhtasari wa dakika tano mvua ikikatika.

Na lile neno la Feynman: mwalimu asiseme "hii" na "ile" huku akionyesha kwa chaki, bali asome kwa sauti anachokiandika, na mwisho wa somo ubao upigwe picha. Kisha kila somo lipewe jina lenye tarehe, kidato, somo na mada, na nakala mbili zitunzwe mahali pawili tofauti. Sauti isiyo na jina ni kama kitabu kilichotupwa darini.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Uongozi wa shule na uchague somo moja na mwalimu mmoja aliye tayari, tujaribu kwa muhula mmoja. Na zamu ya kwanza ya kusikiliza ipewe orodha ya waliokosa: wagonjwa, waliofiwa, waliobaki nyumbani kumuuguza mzazi. Sisi tuliokuwapo tutasikiliza baada yao. Muhula ukiisha, tuwaulize wao kama imewafaa, kwani jibu lao ndilo la kuamua.

Methali za wahenga nazipenda, lakini hii moja ningefurahi kuiona ikishindwa katika shule yetu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne