Je, Yafaa Kutundika Nakala Nyumbani?

Katika mdahalo wa muhula huu tulijadili hoja hii: "Nyumba yenye heshima haifai kutundikwa picha ya kunakiliwa." Walioiunga mkono walishinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande wa walioshindwa, na kwa kuwa dakika nilizopewa hazikutosha, namwomba Mhariri anipe nafasi niwaeleze wasomaji maoni yangu, hasa wazazi, maana wao ndio wanunuzi.

Picha tulizozungumzia ni zile zichorwazo kwa mkono, kwa rangi za mafuta juu ya turubai, kwa kufuata kazi za wachoraji wa Ufaransa waitwao Waimpreshonisti. Kina Claude Monet, Auguste Renoir, Edgar Degas na Bibi Berthe Morisot walifanya maonyesho yao ya kwanza mjini Paris mwaka 1874. Watu wengi waliwacheka. Mwandishi mmoja wa gazeti, Louis Leroy, alilichukua jina la picha ya Monet iitwayo "Impression, soleil levant", inayoonyesha jua likichomoza bandarini Le Havre, akalifanyia mzaha. Mzaha huo ndio ukawa jina lao mpaka leo.

Wapinzani wangu waliuliza: kwa nini mtu asinunue picha ya kupigwa chapa, iliyo rahisi? Jibu limo katika namna wachoraji hao walivyofanya kazi. Walipenda kuchora nje, penye upepo na jua, na waliweza kufanya hivyo kwa kuwa rangi zilikwisha kutiwa katika mirija midogo ya bati, uvumbuzi wa Mmarekani John Goffe Rand wa mwaka 1841. Jua halimngoji mtu, basi walipiga brashi upesi, doa kando ya doa, pasipo kulainisha. Ukiikaribia picha waona madoa matupu. Ukirudi nyuma hatua chache, maji yanametameta. Rangi yenyewe imevimba juu ya turubai, na mwanga wa dirishani huigusa. Chapa husawazisha yote hayo yakawa bapa kama kalenda. Nakala ya mkono huurudisha uvimbe ule. Nakubali kwamba mwenye kunakili, akiketi chumbani mbele ya picha ya kamera, hana upepo wala jua la Le Havre, na kazi yake haiwezi kulingana na ile ya kwanza. Hata hivyo yatufundisha kutazama.

Hoja yao ya pili ilikuwa kwamba kunakili ni wizi. Sisi wanafunzi tukisikia neno hilo twakumbuka chumba cha mtihani na adhabu yake. Lakini kwa wachoraji, kunakili ni shule ya tangu zamani. Jumba la Louvre mjini Paris, lililofunguliwa kwa watu wote mwaka 1793, limewaruhusu wachoraji kuingia na turubai zao na kunakili. Degas alijifunza humo, na Bibi Morisot vilevile. Na kwake yeye lilikuwa jambo kubwa, maana shule ya serikali ya uchoraji haikuwapokea wanawake mpaka mwaka 1897. Van Gogh naye, aliyejifunza mengi kwa Waimpreshonisti baada ya kufika Paris mwaka 1886, alinakili kazi za Millet alipokuwa mgonjwa huko Saint-Rémy. Nani atamwita mwizi?

Basi mpaka kati ya nakala na udanganyifu uko wapi? Louvre inazo kanuni mbili fupi: nakala isilingane ukubwa na picha ya asili, na mwenye kunakili asiandike sahihi ya mchoraji wa kwanza. Wazazi wetu wapenzi, mkiuziwa picha yenye sahihi ya Monet, ulizeni. Ile ya jua likichomoza imo katika jumba la Marmottan, Paris; iliibwa mwaka 1985 ikapatikana mwaka 1990. Muuzaji akiwaambia kwamba ya dukani kwake ndiyo yenyewe, shikeni njia mrudi nyumbani.

Lipo jambo moja ambalo katika mdahalo hakuna aliyeligusa, wala upande wetu. Ni nani aliyeichora nakala hiyo? Nakala nyingi zimetoka kijiji cha Dafen, katika mji wa Shenzhen nchini China, ambako kazi hii ilianza mwaka 1989 na baadaye ikawaajiri maelfu ya watu. Mmoja wao, Zhao Xiaoyong, alinakili kazi za Van Gogh kwa miaka 20 hivi. Filamu iliyotolewa mwaka 2016 yaonyesha jinsi alivyosafiri hadi Amsterdam, akazikuta nakala zake katika duka la watalii zikiuzwa kwa bei iliyozidi ujira wake mara nyingi. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtu huyu hakumwibia yeyote. Aliyepunjwa ni yeye.

Jambo hili lanihusu. Mwaka huu namaliza Kidato cha Nne, nami natamani kuishi kwa brashi. Baba yangu haoni kazi hapo, na pengine miaka yangu ya kwanza nitapata riziki kwa kunakili. Sitaona haya kufanya hivyo, mradi niruhusiwe kuandika jina langu.

Kwa hiyo natoa shauri kwa Chama cha Uchoraji, ambacho kitauza nakala Siku ya Wazazi. Nyuma ya kila turubai yaandikwe mambo matatu: picha hii ni ya nani kwa asili, imenakiliwa na nani, na mwaka gani. Na mzazi atakayenunua, aigeuze kwanza asome, ndipo atoe fedha.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne