Judo: Kujifunza Kuanguka Kabla ya Kuangusha

Vijana wetu hapa Bujonde huangalia mapigano ya Kijapani kwenye vibanda vya video, kisha huenda kuyajaribu uwanjani. Sisi wauguzi tuliwahi kumpokea kijana aliyeangushwa na rafiki yake, kichwa kikagonga ardhi. Usiku alianza kutapika, nyumbani wakadhani ni malaria. Aliletwa kesho yake akiwa hajitambui. Alipona, lakini mkono wake mmoja hauna nguvu hadi leo.

Wazazi wengi husema michezo hiyo ni ya ugomvi, ikatazwe kabisa. Sisi tuna maoni tofauti. Vijana wameiga miereka tu. Mafundisho yake hawajayapata.

Judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na mwalimu wa shule, Jigoro Kano. Maana ya jina hilo ni njia ya upole. Kano alifundisha mambo mawili. Kwanza, usipoteze nguvu bure: mwenzako akikusukuma, usishindane naye, mfuate mpaka akose mizani. Pili, wewe na mwenzako mnufaike pamoja. Ukimvunja mkono leo, kesho utajifunza na nani? Ndiyo maana huinamiana kwa heshima kabla na baada ya mchezo, na anayeangusha humshikilia mwenzake mkono wa nguo ili asianguke vibaya.

Tena, somo la kwanza ni kuanguka. Mwanafunzi hukunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, na hupiga mkeka kwa mkono mzima badala ya kujizuia kwa kiganja. Kiganja kikitangulia, kifundo cha mkono huvunjika. Wanaoanguka kutoka kwenye miembe na baiskeli tunawaona hivyo kila mara.

Huko Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amewafundisha vijana judo kwa miaka mingi. Basi inawezekana hata kwetu, ila pawe na mwalimu na mikeka. Bila hivyo, wazazi, msiruhusu.

Na mtu yeyote akigonga kichwa, mwangalieni usiku na mchana. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege, akizidi kuumwa kichwa, au akitokwa damu au majimaji masikioni, mleteni hospitali mara moja. Msisubiri kuche.